Wa Nyuma: Sifuri

14 Machi, Jumamosi

Daftari hili nimepewa na Mkuu wa kambi niandike hali ya njia za msituni mvua yote: mti ulioanguka, mizizi iliyojitokeza, mbao ya daraja iliyolegea. Kila kiongozi wa baiskeli ana lake. Basi naandika kama alivyotaka. Njia: juu pakavu, bondeni tope. Daraja zima. Nafasi iliyobaki nitaitumia mwenyewe.

Mkuu kaniambia, "Mama Kidoti, nakujaribu mvua hii moja. Ikikatika ukiwa bado umesimama, kazi ni yako." Nikamshukuru. Sikumwambia kwamba nyumbani nimeshatangaza kuwa nimeajiriwa, na kwamba mama mkwe ameshaanza kukaa na Kidoti kila ninapotoka. Baba yake Kidoti yuko kazini mbali, hajui chochote, na akija nataka anikute mtu na kazi yangu.

Kazi yenyewe ni kufunga msafara. Wanaokuja Jumamosi ni mchanganyiko. Wapo waliozaliwa juu ya baiskeli, wapo waliofahamiana na breki juzi. Mbele kabisa anakwenda kiongozi wetu, tunamwita Mshale. Nyuma kabisa nakwenda mimi na kizibao cha rangi ya chungwa. Penye njia panda Mshale anamwacha mtu mmoja aonyeshe wenzake pa kupita, na mtu huyo haondoki mpaka aione chungwa. Akiiona, anajua nyuma hakuna mtu tena. Vivyo hivyo kwenye vituo vya kupumzikia: wa mbele wanangoja mpaka chungwa ifike. Sheria nzuri. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuielewa, nimemwelezea Kidoti akaelewa.

Leo tulikuwa kumi na mmoja. Juu ya kilima cha kwanza kuna jiwe bapa, ndipo kituo. Tulipofika sisi wa mwisho, wenzetu walikuwa wamejilaza juu yake kama mijusi. Mimi nilikuwa na Mshonaji, mama wa makamo anayeshona sare za shule, daktari kamwambia atafute jasho. Na Dereva wa lori, mtu wa tumbo na goti bovu na maneno ya kuchekesha. Mshonaji alikuwa hajateremsha mguu wa pili, Mshale akapuliza filimbi.

"Haya, tumetimia. Twende."

Wakaondoka wamepumzika. Sisi tukawafuata tunatweta. Nilitazama saa yangu nikauliza waliotangulia walifika saa ngapi. Wa mbele: dakika kumi na mbili. Wa nyuma: sifuri.

21 Machi, Jumamosi

Njia: mizizi inateleza kama sabuni. Jiwe bapa, wa mbele dakika tisa, wa nyuma sifuri. Bondeni, wa mbele kumi na nne, wa nyuma sifuri.

Nilimfuata Mshale tuliporudi, akiosha matairi.

"Kaka, tukifika uwape dakika tano tu."

"Wakifika si wamefika?"

"Wamefika, hawajapumzika."

"Mama wa nyuma, hawa wa mbele wakikaa sana misuli inapoa. Wako akichoka ashuke asukume. Kusukuma nako ni kupumzika."

Wakacheka wote waliokuwa pale, na karani mmoja wa benki ndiye aliyecheka zaidi. Ndiye ambaye Mshale humsimamisha kwenye njia panda kila wiki kwa sababu anapenda kuonyesha watu kidole. Nikacheka nami. Hilo ndilo linaloniudhi hadi sasa, kwamba nilicheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nikasaidia kuupepea.

24 Machi, Jumanne

Kidoti ana mafua. Sikwenda kambini.

28 Machi, Jumamosi

Mvua ya asubuhi. Njia: madimbwi mpaka kwenye pedali. Mbao ya tatu ya daraja inacheza.

Wa nyuma: sifuri, sifuri, sifuri. Vituo vitatu.

Dereva kaniambia, "Huyu Mshale nikikutana naye dukani sitamjua, mpaka ageuke nimwone mgongo." Mshonaji alicheka mpaka akaanguka kwenye majani, na nilimwacha akae hapo hapo kwa kisingizio kwamba nakaza gurudumu lake. Gurudumu lilikuwa zima. Dakika mbili za wizi.

4 Aprili, Jumamosi

Mvua kubwa, hakuna safari. Nimeshinda karakana na Fundi tukisugua minyororo. Fundi ni msichana wa rika langu, hana maneno mengi, na aliyonayo yana kutu.

"Leo mnyororo unausugua au unaunyonga?" akaniuliza.

Nikamweleza yote. Kwamba mtu dhaifu ndiye anayefanya kazi zaidi msituni, kwa sababu mwenye nguvu anapumzika akimngoja, halafu kumngoja kwenyewe anakuhesabu kama hisani. Kwamba Mshonaji anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na hajawahi kukaa juu ya lile jiwe hata siku moja. Analiona tu akipita.

"Mkuu umemwambia?"

"Niko kwenye majaribio."

"Basi endelea kuchemka. Mvua ikiisha utakuwa umeiva."

Nilimkasirikia na yeye. Nimerudi nyumbani nimemkasirikia na mama mkwe, aliyesema "hasira hasara, mwanangu" kabla hata sijavua viatu. Ni msemo wa mtu ambaye hajawahi kupuliziwa filimbi.

11 Aprili, Jumamosi

Njia: mwanzi umelala baada ya daraja, nimeuondoa.

Leo Mshonaji amepita juu ya mzizi mkubwa bila kutia mguu chini. Wiki nne amekuwa akishuka pale na kuibeba baiskeli kama mtoto mgonjwa. Leo aliinua kichwa, akatazama mbele kama nilivyomfundisha, akapita. Akapiga kigelegele peke yake msituni, na ndege wakaruka. Nilitaka kumkumbatia.

Tukafika jiwe bapa na furaha yetu. "Mmechelewa leo," akasema Mshale, filimbi iko tayari mdomoni. Furaha ya watu ikakatwa kama uzi. Wa mbele: kumi na sita. Wa nyuma: sifuri.

Naandika kwa nguvu mpaka kalamu imetoboa karatasi. Samahani daftari.

18 Aprili, Jumamosi, nimeandika Jumapili mchana

Nitaandika kila kitu kilivyokwenda, na pale nilipokosa nitaandika nimekosa.

Njia, asubuhi: kwenye njia panda ya tatu mti mkubwa umeanguka, umeziba mkono wa kulia tunaoupitia siku zote. Nilipewa habari hiyo na Mkuu, na Mshale naye alipewa. Akasema ataona mwenyewe huko mbele apite wapi, na mtu wa njia panda atatuonyesha.

Mvua ilitukuta kwenye kilima. Jiwe bapa, sifuri, kama kawaida. Tulipoanza kuteremka Mshonaji alikuwa anatetemeka meno yanagongana, koti lake ni la kitambaa, limenywa maji yote. Mimi nilikuwa na koti la mpira ndani na kizibao juu. Koti halikumwenea. Nikavua kizibao, ambacho ni kizito na kina bitana, nikamvalisha. Sikufikiria rangi. Niliona mtu mwenye baridi, na mkono wangu ukaenda wenyewe kama unavyokwenda kwa Kidoti.

Hatua mia mbele mnyororo wa Dereva ukakatika. Nikamwambia Mshonaji, "Dada, wewe tangulia taratibu, ukisimama utaganda. Tunakuja." Akaenda.

Hapo ndipo nilipokosa.

Kuunga mnyororo kwenye mvua kulichukua kama robo saa, Dereva akinishikia mwavuli wa jani la mgomba pori na kuniomba msamaha kana kwamba mnyororo ni ndugu yake. Tukaondoka. Tukafika njia panda ya tatu. Hapakuwa na mtu.

Kulia, mti. Zimebaki mbili, katikati na kushoto, zote maji yanatiririka, hakuna alama ya tairi hata moja. Nikapuliza filimbi. Mvua ikaimeza. Simu haikushika mtandao. Na hapa niseme jambo la aibu: wiki sita napita msitu huu na siujui. Wa nyuma anajua visigino vya watu. Njia anaijua wa mbele. Sikuwahi kupewa nafasi ya kuinua kichwa nikatazama, kila kituo ni kufika na kuondoka.

Nikachagua kushoto kwa kuwa ni pana.

Kushoto ni ile njia ya mtoni, ya wale waliokomaa. Inaanza pana halafu inakunja na kudondoka kama ngazi isiyo na mtu aliyeipima. Nilipoona nikapaza sauti, "Shuka! Shuka!" Dereva akabana breki ya mbele. Akapita juu ya usukani. Nilimsikia kabla sijamwona.

Mtulinga, ule mfupa wa begani, umevunjika. Ulikuwa umeinuka chini ya ngozi kama kidole kinachoonyesha kitu. Nikatoa mpira wa akiba wa ndani ya tairi kwenye mkoba wangu, nikamfungia mkono kifuani, nikakaza vizuri, na yeye amefumba macho anasema, "Mama Kidoti, usiujaze upepo tu." Nikacheka na machozi yananitoka. Kisha tukapanda kwa miguu. Baiskeli tuliziacha. Alikuwa ananiegemea, na yeye ni mzito kama gunia la saruji lililolowa, na kila hatua kumi tulikaa. Nilihesabu mwenyewe. Hatua kumi, tunakaa. Hatua kumi, tunakaa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu Machi watu wa nyuma kupumzika.

Ilituchukua saa tatu na zaidi mpaka kambini. Jua lilikuwa bado lipo nyuma ya mawingu. Wenzetu walikuwa barazani, nguo kavu, wanakunywa chai. Ndipo walikuwa wanaanza kuulizana sisi wawili tuko wapi.

Karani wa benki akasema, "Lakini mimi niliiona chungwa."

Mshale akasema, "Na mimi pale bondeni niliiona chungwa. Ilivyofika tu, tukaondoka."

Mshonaji alikuwa amesimama kando na kizibao bado mwilini, uso umemvimba kwa kulia. "Niliwaambia," akasema. "Nilimwambia huyu karani, wenzangu wako nyuma, akasema haya mama twende, akaruka kwenye baiskeli. Nikafika bondeni nataka kusema, filimbi imeshalia, migongo imeshanigeukia. Nimepaza sauti njia nzima, na hapa kambini wakasema mtafika tu. Nani anasikia mtu wa nyuma?"

Basi. Jambo zima ndilo hilo. Kama wangesimama dakika moja, mmoja wao angetazama juu ya kile kizibao akaona uso wa nani.

Lakini Mshale alimgeukia Mkuu, mbele ya wote, akasema, "Ndiyo maana nilisema kizibao asipewe mtu mwenye moyo wa kulea."

Nilitamani kumpiga na pampu. Niliishika kabisa. Fundi akaitoa mkononi mwangu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

20 Aprili, Jumatatu

Mkuu ameniita. "Kizibao si nguo, ni kazi. Ukikivua umeacha kazi." Sikubisha, kwa kuwa ni kweli. Ameniambia nikae nyumbani mpaka aniite.

"Na Mshale?"

"Tunazungumza habari yako."

21 Aprili

Mvua.

22 Aprili

Mvua. Kidoti anauliza kwa nini siendi "kwa chungwa". Nimemkaripia. Akaenda kukaa pembeni na sufuria zake. Nimemwomba radhi, amenisamehe haraka mno, na hilo limeniuma kuliko kama angelia.

25 Aprili, Jumamosi

Nimefua kila kitu ndani ya nyumba hii, hata visivyo vichafu.

28 Aprili, Jumanne

Mama mkwe amenikuta nasugua kizibao. Mshonaji alikileta mwenyewe, na amekishonea kola iliyochanika, mshono mdogo mdogo kama wa sare. Nilitegemea "hasira hasara". Mama mkwe akakaa kwenye kigoda, akanitazama.

"Yule mtu aliyevunjika, ulimbeba wewe?"

"Aliniegemea, mama."

"Njia yote?"

"Njia yote."

Akachukua kizibao, akaanza kukikamua upande wa pili. Tukakisokota pamoja mpaka maji yakaisha. Kisha akasema, "Mimi nilifikiri unakwenda kucheza." Hilo tu. Wiki sita nimekuwa nikimjibu kichwani mwangu maneno makali, na kumbe hakuna aliyemweleza ninafanya nini. Nilimwonyesha Kidoti sheria ya chungwa, yeye sikumwonyesha.

30 Aprili, Alhamisi

Mkuu ametuma mtu. Anataka daftari, aone hali ya njia kabla ya mti ule kuanguka, kwa sababu familia ya Dereva inauliza.

Nimekaa nalo mapajani. Nilifikiri nichane kurasa zangu nibakize za njia. Lakini kila nikishika karatasi, upande mmoja kuna daraja na mzizi, upande wa pili kuna sifuri. Haviachani. Nikichana hasira yangu naichana na mbao ya tatu.

Nimelituma lote. Kama kazi imekwenda, imekwenda na maneno yangu.

9 Mei, Jumamosi

Daftari limerudi, na mimi nimeitwa. Mvua zimepungua, asubuhi tu.

Mkuu alikuwa amelisoma mpaka lile tundu la kalamu.

"Umeandika mambo mengi yasiyohusu njia."

"Yanahusu, Mkuu."

"Umeandika kwamba nilikuwa najua wa nyuma hawapumziki."

"Sijaandika hivyo."

"Hujaandika," akasema. "Nimeyasoma hivyo." Akafunua ukurasa mmoja, akafunika. "Sifuri ngapi humu?"

"Sikuzihesabu. Niliziandika tu."

"Mimi nimezihesabu." Hakuniambia ni ngapi. Akasema Jumamosi ijayo mimi nitakwenda mbele na Mshale atafunga msafara. Wiki hii niende na Fundi niijue njia yote kwa mchana mweupe, matawi yake yote, hata ya mtoni. Baada ya hapo ataamua. Hakuomba radhi. Nilingoja kidogo nione kama itakuja. Haikuja, nikaondoka.

12 Mei, Jumanne

Njia: kavu isipokuwa bondeni. Njia panda ya tatu imewekwa kibao kipya.

Nimemuuliza Fundi nani kaweka. Akasema Mshale, na kwamba baiskeli zetu mbili tulizoziacha mtoni ni yeye aliyezipandisha, moja baada ya nyingine, mgongoni. Na kwamba kila jioni anapita kwa Dereva kumsaidia kuoga kwa sababu mkono hauinuki.

Imenikera sana. Ni raha zaidi kumchukia mtu asiye na jema hata moja. Sasa inabidi nimchukie kwa uangalifu.

16 Mei, Jumamosi

Njia: nzuri. Mawingu, hakuna mvua.

Watu tisa. Nilimkabidhi Mshale kizibao mkononi. Akaitazama ile kola iliyoshonwa. "Hiki kinabana," akasema. Nikamwambia, "Utakizoea."

Huko mbele kuna upepo. Sikujua. Nyuma mtu anavuta tope la wenzake, mbele unakutana na msitu mzima mzima. Nilielewa kidogo kwa nini mtu akishakuwa huko hapendi kutazama nyuma, na nikajikasirikia kwa kuelewa.

Nikafika jiwe bapa wa kwanza. Nikakaa. Ni jiwe la vuguvugu, lina mwinamo unaoushika mgongo vizuri.  Wa kati wakafika, karani akafika akajilaza. Kisha, karibu dakika ya tisa, tukawasikia kabla hatujawaona: Mshonaji anaongea, mtu anatweta.

Nyuma ya Mshonaji kulikuwa na mgeni mpya, bwana mmoja mnene, siku yake ya kwanza, anajikokota kwa miguu. Na nyuma yake Mshale, anasukuma baiskeli mbili, yake na ya yule bwana, kwa zamu, hatua chache hii, anarudi, hatua chache ile. Uso umemgeuka rangi. Kizibao kimelowa jasho mpaka chungwa imekuwa nyekundu. Alipofika aliziachia zote mbili, akashika magoti, mate yanamdondoka.

Karani wa benki na wale vijana wenye miguu mepesi wakasimama, wakapangusa suruali. Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Hata sikumbuki nilivyoiweka. Meno yangu yalikuwa yameing'ata.

Mshale akainua kichwa akaniona.  Alijua. Nilitaka ajue zaidi. Nilitaka niipulize ile filimbi niisikie ikipita ndani ya kifua chake kama ilivyopita ndani ya vifua vya watu wangu wiki sita. Haki yangu ilikuwa pale, tamu, sikuhitaji hata kusimama.

Nikamtazama Mshonaji. Alikuwa amesimama kando ya baiskeli yake, mikono kwenye usukani, tayari kuondoka. Ameshazoea. Hakulitazama hata jiwe.

Nikaitema filimbi.

"Kaeni," nikasema.

"Tutapoa misuli," akasema karani.

"Poeni."

Nikasogea. Mshonaji akaja akakaa, kwanza ukingoni kama mtu aliye kwenye benchi la hospitali, kisha akarudi nyuma, kisha akaunyosha mgongo wote akafumba macho. Mshale akakaa upande wa pili, mbali nami.  Sijamsamehe, na nadhani kesho nikiamka bado sitakuwa nimemsamehe. Mkuu naye bado hajaniambia kama kazi ni yangu. Nitamuuliza Jumatatu, na sitauliza kwa unyenyekevu.

Jiwe bapa. Wa mbele: dakika kumi na tisa. Wa nyuma: kumi.